Buku tatu ya Masaki

Bosi wetu kahamia apatimenti Masaki akatualika msosi wa Jumapili, mimi wa Sinza nikasema siendi mikono mitupu, nikabeba keki. Daladala mpaka Namanga ya Msasani fresh tu, pale nikadaka boda, hatujafika mbali mvua hiyo ikamwagika, jamaa akanionea huruma akanivalisha koti lake la mvua lenye reflekta, "ukitoka nipigie, nitakufuata nalo."

Sasa nione getini. Koti linawaka, kofia ya koti imeniziba mpaka nyusi, boksi la keki limelowa kona.

"Kaka, delivari wanapita nyuma."

Naanza kumweleza mlinzi kwamba mi mgeni, keshanipa mgongo anaikimbilia V8 inayopiga honi. Huku upande wa Oysterbay tangu mkoloni kulikuwa uzunguni, siku hizi tunaingia wote, ila milango ndo kama hivyo.

Huko nyuma kwenye lifti ya mizigo nikamkuta mama mtu mzima kashushwa na bajaji, ana mkungu wa ndizi, kiroba cha unga na tenga lina kuku wawili wazima.

"Shikamoo mama."

"Marahaba baba, haya nishikie."

Kwetu mtu mzima akisema shika, unashika. Mkungu begani, keki juu ya kiroba, tenga mkono wa pili, na kuku mmoja katoa kichwa anadonoa utepe wa keki mpaka ghorofa ya saba. Humo humo mama akanichomekea elfu kumi mfukoni, "Buku tatu yako, saba unirudishie." Nijibu nini na mkungu uko shingoni?

Lifti inafunguka, mama anagonga mlango uleule ninaoenda mimi! Kumbe mkwe wa bosi, katoka Moshi. Bosi mwenyewe kafungua, vifijo, kumbatio, mimi hata hanitazami, "Weka jikoni kaka, viatu vua hapo."

Nikaivua kofia. "Bosi, ni mimi. Wa uhasibu."

Sebule nzima kimya, halafu mtu wa stoo akaangua kicheko hadi akamwaga juisi, bosi anaomba radhi huku anajibana mbavu. Nikajua yameisha. Tumekaa mezani, sala imesomwa, nashika kijiko tu nasikia mama kwa sauti ya kanisani:

"Baba, na ile chenji yangu?"

Nikampa elfu kumi yake nzima kwa mikono miwili. Akachomoa tatu akanirudishia, "Chukua, si umebeba?"

Nikachukua.