Karata Kwenye Shati la Nye

Kuna shairi moja la Marekani ambalo kila nikilisoma linaniuma, na linaniuma zaidi kwa kuwa aliyelitunga hakuwa na nia mbaya. Bret Harte alilitoa Septemba 1870 katika jarida la Overland Monthly la San Francisco. Wazungu wawili wanacheza karata na Mchina, Ah Sin, wakidhani wamepata mjinga wa kumla pesa. Kumbe anawashinda. Bill Nye, mmoja wa wazungu hao, anainuka, analalamika kwamba vibarua wa bei poa wa Kichina wamewamaliza, halafu anamvamia. Kwenye mikono mirefu ya nguo ya Ah Sin zinakutwa karata tele, na kwenye kucha zake, nta.

Lakini kabla ya hapo Harte alishatuonyesha mkono wa shati la Nye: umejaa karata kubwa, ree na maghulamu, zimefichwa makusudi. Kinachomkera Nye ni kuzidiwa wizi.

Wasomaji wakaliruka shati hilo. Magazeti yakalichapa shairi nchi nzima, likapachikwa jina la “Mchina Kafiri”, na waliotaka Wachina wafukuzwe wakalinukuu kama ushahidi. Mwaka mmoja tu nyuma ilikuwa imekamilika reli ya Central Pacific, ambayo maelfu ya Wachina waliipitisha kwenye miamba ya Sierra Nevada kwa nyundo na baruti! Oktoba 1871, Los Angeles, kundi la watu liliwaua Wachina wapatao 18 kwa siku moja. Sisemi shairi ndilo lililoua, chuki ilikuwepo zamani. Ila lilikuwa limeipa wimbo. Mwaka 1882 ikaja sheria ya kuwazuia vibarua wa Kichina wasiingie nchini, na haikufutwa hadi 1943.

Wanaomtetea Harte husema aliwakejeli wabaguzi. Ni kweli, hata mimi nakubali. Lakini tazama: shairi zima Ah Sin hatamki neno. Anatabasamu tu, na anayetusimulia ni yule mzungu wa pili, mwenzi wa Nye. Ndivyo ilivyokuwa hata mahakamani California, ambako tangu hukumu ya 1854 Mchina hakuruhusiwa kutoa ushahidi dhidi ya mzungu. Harte alimpa Ah Sin karata, nta na tabasamu. Angempa na sentensi moja tu, ya kumuuliza Nye ana nini kwenye shati lake.