Bwawa limeisha, mbona transfoma ya mtaani ni ile ile?

Tuanze na haki yake. Bwawa la Julius Nyerere kule Rufiji limekamilika, mashine 9 za megawati 235 kila moja, jumla 2,115, na hela iliyoenda ni kama shilingi trilioni 6.5. Mashine ya kwanza iliingia gridi Februari 2024, za mwisho 2025. Na ule mgao wa 2023 kuingia 2024 ulianza kuisha pale mashine hizo zilipoanza kuwaka, kwahiyo mtu akiniambia hela imetupwa mtoni simuelewi, amesahau mafundi grili waliokuwa wanasubiri umeme urudi saa sita usiku ndo waanze kuchomelea.

Ila sasa, wakati zile mashine zinakamilika, mahitaji ya juu kabisa ya nchi nzima yalikuwa hayafiki uwezo wa bwawa hilo peke yake. Umeme upo, tena wa kumwaga. Halafu nenda viunga vya Dar vilivyojengeka harakaharaka, saa moja na nusu jioni. Transfoma ilifungwa nyumba zikiwa chache, leo watu wamejaa, kila mtu ana friji, pasi, pampu ya kisima, na hapo kati kuna mashine ya kusaga. Taa zinafifia kama kibatari, friji inaunguruma haigandishi, pampu haivuti kabisa. Wenyewe wanakwambia umeme mdogo. Huo sio mgao jamani, hata Rufiji ukiongeza mashine ya kumi hapo hakibadiliki kitu.

Na sio mitaani tu. Machi 2025 Rais Samia aliposema tutanunua umeme wa Ethiopia kupitia Kenya kwa ajili ya mikoa ya kaskazini watu waliwaka, bwawa lote lile halafu tunaenda kwa jirani? Hoja ya serikali ni kwamba umeme wetu unasafiri mbali mno mpaka ufike Kilimanjaro na Arusha, unapotea njiani, hasara iliyotajwa ni bilioni 32 kwa mwaka. Kihesabu wana pointi, waya mrefu unakula umeme, haujali uzalendo wa mtu. Lakini hoja hiyo hiyo ndo inakiri kwamba laini zimeachwa nyuma na mashine.

TANESCO, shirika letu la umeme, nao wana la kujitetea. Bei ya 292 kwa yuniti kabla ya kodi imekaa hapo tangu 2016, mtumiaji mdogo wa chini ya yuniti 75 kwa mwezi analipa 100, na kijijini unaunganishiwa kwa 27,000, hela ambayo sidhani kama inatosha hata nguzo. Kila mteja mpya wa namna hiyo ni mzigo mwingine kwenye transfoma ile ile. Tunataka umeme wa bei chee na laini mpya kwa wakati mmoja, na ukigusa bei ya LUKU, umeme wa kulipia kabla, nchi nzima inapiga kelele, mimi nikiwemo.

Kuna wanaosema hela inayofuata iende kwenye miradi mingine ya umeme wa maji, Ruhudji na Rumakali, na hawasemi ovyo. Kutegemea mto mmoja ni hatari, ukame tunaujua, na bwawa halijengwi kwa mwaka mmoja, la Rufiji mkataba ulisainiwa Desemba 2018. Sawa, ila kwa sasa tuna gesi ya kutuvusha mvua zikigoma, wakati yule wa kiunga cha Dar hana cha kumvusha, ananunua stabilaiza tu na stabilaiza zenyewe zinaungua. Kwangu mimi hela ya karibuni iende vituo vya kupoza umeme na transfoma, na TANESCO waweke hadharani kila wilaya imepata ngapi na mitaa gani inafuata, maana uzinduzi wa transfoma hauna picha nzuri kwenye taarifa ya habari na ndo maana kila mwaka inasukumwa mbele.