Kifurushi kimoja, majina manne: zana huria zikifungwa pamoja nani anajua kilicho ndani?

Kuna mjadala haujaisha kwenye miradi ya programu huria, zile ambazo msimbo wake uko wazi kwa wote, na huku Kampala nausikia sana kwa wanaofundisha vijana na wanaotengeneza mifumo. Mradi ukiwa na zana kadhaa zinazofanya kazi pamoja, je uzifunge zote kwenye kifurushi kimoja uzipe jina na nembo, mtu adaunlodi mara moja aanze kazi, ama kila zana ibaki na jina lake na mtu achague mwenyewe? Mi niko upande wa kifurushi, nasema mapema. Ila kuna jambo kwenye hizi brandi linaniuma.

Tuanze na XAMPP maana hapa Wandegeya ukimuuliza mwanafunzi anayejifunza webusaiti anatumia nini, jibu ndo hilo. Ndani kuna Apache ambayo ni seva ya webusaiti, MariaDB ya databesi, na PHP na Perl ambazo ni lugha za kuandikia programu, na herufi zao ndo zimelijenga jina, ile X ya mbele ni kwamba inakubali kwenye Windows, Linux na Mac. Sasa mwambie huyo mwanafunzi ainstoli kila kimoja peke yake halafu aviunganishe kwa mikono, wiki ya kwanza inaisha bado hajaandika hata mstari mmoja wa PHP. Na MB si bure, tangu Julai 2021 kuna ushuru wa asilimia 12 juu ya data, so kila ukidaunlodi toleo lisilopatana na lingine ukaanza upya, hela imekwenda. Kifurushi kinamwokoa kabisa.

Ni kama rolex tu, ile chapati ya mayai ya kibandani. Mayai, chapati, nyanya, kitunguu na kabichi viko sokoni na kila mtu anaweza kununua kimoja kimoja, lakini mtu wa asubuhi ana haraka, anataka kitu kimekunjwa tayari na kina jina analolijua. Tofauti ni kwamba pale kwenye kibanda umesimama unaona yai likipasuliwa mbele yako, unasema punguza chumvi, ongeza nyanya. Kwenye kifurushi cha programu huoni, unaona lebo tu.

Na lebo inaweza kukupoteza. XAMPP ilitoka databesi ya MySQL ikahamia MariaDB, iliyozaliwa kutoka hiyo MySQL, mwaka 2015, lakini kile kidirisha chake cha kuwashia huduma mpaka leo kimeandika MySQL. Kijana mmoja niliyekuwa namsaidia alipewa databesi iliyotoka kwenye seva ya MySQL 8, kila akijaribu kuiingiza inagoma, inasema haijui utf8mb4_0900_ai_ci, ambao ni mpangilio wa herufi wa MySQL 8, naye ametafuta majibu siku mbili nzima akiandika MySQL, MySQL, MySQL, na majibu yote aliyopata ni ya kweli ila si ya kitu alichonacho. Nikamwambia andika SELECT VERSION(), amri ya kuiuliza databesi ni toleo gani. Ikaja namba na neno MariaDB. Akaniuliza, sasa MySQL iko wapi? Hapo hakuna uzembe wake hata kidogo, jina ndo lilimwonyesha mlango usio wake.

Kuna na ubaya mwingine, jina likishazoeleka watu wanaliamini kuliko maelezo yake. Wenye XAMPP wenyewe wanasema wazi ni ya kujifunzia na kutengenezea kazi, si ya kuweka hewani, ndo maana root, yule mtumiaji mkuu wa databesi, anakuja bila paswadi. Ofisi moja niliyoitwa kuangalia mfumo wao nikakuta wameiweka hivohivo kwenye seva inayofikika kutoka nje, majina na namba za simu za wateja ziko humo. Waliniambia, lakini si ni XAMPP, kila mtu anaitumia.

Hao wanaopinga vifurushi basi wana hoja, tusiwapuuze. Lakini angalia upande wa afya. OpenMRS, programu huria ya kutunza rekodi za wagonjwa, ilianza 2004, na kwa asili ni jukwaa pamoja na moduli, unapanga mwenyewe unachohitaji. Nani kwenye Health Centre IV kule wilayani ana muda wa kupanga moduli? Nesi ana foleni. Ndo ikaja UgandaEMR, ni OpenMRS hiyohiyo imefungwa pamoja na fomu na ripoti za Wizara ya Afya yetu, na Kenya wana yao KenyaEMR. Bahmni wakaenda mbali zaidi wakaunganisha OpenMRS, OpenELIS ya maabara na Odoo ya malipo chini ya jina moja. Hapa jina lina kazi ya kweli, mfanyakazi anasema huu ni mfumo wetu, na mtu akiona kitu ni chake anakitunza, anauliza, anadai kirekebishwe. Hofu yangu ni ile ya mfumo kuitwa wetu mpaka tukasahau mti uliotuzaa, kijana wa hapa akarekebisha kosa kwenye kifurushi cha nyumbani na marekebisho yasirudi OpenMRS, halafu toleo jipya likija kosa linarudi nalo na tunaanza upya.

Eclipse, wenye programu ya kuandikia msimbo, walijaribu njia ya kati na naipenda. Mwaka 2006 walitoa miradi kumi siku moja kwa jina Callisto, mwaka uliofuata kwa Europa wakaleta vifurushi tayari, cha wa Java, cha wa C na C++, na ndani ya kila kimoja bado unaweza kuongeza na kutoa plagini. Majina matamu, ila mgeni atajuaje kama Kepler ilitangulia Luna? Kuanzia Septemba 2018 wakaacha wakaandika mwaka na mwezi tu, 2018-09. Halina mvuto, lakini linasema ukweli.

Na neno moja tu linaweza kuchoma nyumba. Katikati ya 2020 toleo la majaribio la LibreOffice 7.0, programu huria ya kazi za ofisi, lilitokea na maneno Personal Edition, nia ikiwa kuzisukuma ofisi kubwa zinunue huduma kwa kampuni zinazolipa madevelopa wengi wa mradi. Nia hiyo naielewa kabisa, watu wanakula. Lakini mwalimu mkuu wa shule kule Mbale akisoma Personal atafikiri shule hairuhusiwi, ataogopa, ataenda kuweka programu ya wizi anayoijua. Watu walipiga kelele, neno likatolewa, na Februari 2021 toleo la 7.1 likaja na Community.

Leseni huria inakupa msimbo, jina haikupi. Debian, wanaotengeneza mfumo wa Linux, walilijua hilo 2006 walipolazimika kuiita Firefox yao, ile browser ya Mozilla wenye jina, Iceweasel, na ilichukua mpaka 2016 jina kurudi. Ndo maana kwangu jina la kifurushi likae mikononi mwa mradi wenyewe, lisikae kwa kampuni moja iliyochangia zaidi, na dirisha la kwanza kabisa liandike kila kilichomo, toleo lake, na pa kupeleka malalamiko ya kila kipande. XAMPP wangeanza na kile kitufe kimoja tu, kisomeke MariaDB.