Gesi unayo, halafu unapasulia kuni?

Nilimwambia mdogo wangu kwa simu kwamba nimenunua mashine ya kupasulia kuni, ya gesi. Akanyamaza kidogo, kisha akauliza: "Dada, gesi unayo, halafu unapasulia kuni?"

Kosa lilikuwa langu. Miaka 9 hapa Maine, Marekani, imenizoesha kuita petroli gesi, kama wenyeji wanavyoiita. Nikamweleza kuwa ni injini ya petroli, ya kuvuta kamba, na hapo ndipo alipozidi kushangaa. Yeye yuko Njombe, na kila akifungua redio anaambiwa aachane na kuni. Mimi niliyepanda ndege mpaka Marekani ndiyo kwanza natoa dola 1,400 kununua mashine ya kuni.

Tunakaa nje kidogo ya Lewiston, kwenye nyumba ya mbao ya zamani. Nyumba nyingi za huku hupashwa joto kwa mafuta, na chini ya nyumba yetu limekaa tangi la galoni 275. Majira ya baridi ya kwanza tulilijaza, na mume wangu akaishika ile risiti kama mtu aliyeletewa taarifa ya msiba. Jiko la kuni tulilikuta sebuleni, la chuma, na bomba lake la moshi limepanda hadi juu ya paa. Tukaamua kuliwasha.

Kuni hapa hupimwa kwa cord, neno ambalo masikio yangu bado yanasikia "kodi". Ni rundo la futi 4 kwa 4 kwa 8, lililopangwa likabana. Sisi tunachoma kama manne kwa msimu. Ukinunua zilizopasuliwa na kukauka unalipa bei ya juu. Ukiletewa magogo mabichi kwa lori unalipa kidogo, ila kazi inabaki kuwa yako. Mwaka wa kwanza tulitumia shoka. Mume wangu ni mtoto wa mjini, wa Bukavu, Kongo, kwao walinunua makala, ndivyo wanavyoita mkaa, kwa hiyo shoka nilimfundisha mimi. Lakini kazi yangu ni kuhudumia wazee, nainua watu kutwa nzima. Mwezi wa pili mgongo ukagoma.

Dukani muuzaji alizungumza na mume wangu muda wote. Mimi nilikuwa nimesimama pale pale, mikono yangu ikiwa na sugu za shoka. Akamwonyesha mashine ya tani 37, kubwa kama mkokoteni wa ng'ombe. Nikaiinamia nikasoma kibao cha silinda, kwa sababu usiku uliotangulia nilikuwa nimepiga hesabu.

Hesabu yenyewe si ngumu. Nguvu ya mashine hizi hutoka kwenye mafuta ya haidroliki yanayosukuma pistoni ndani ya silinda, nayo pistoni inaisukuma kabari kwenye gogo. Chukua eneo la uso wa pistoni, zidisha kwa shinikizo la mafuta, ambalo kwa mashine za nyumbani huwa karibu pauni 3,000 kwa kila inchi ya mraba. Silinda yenye kipenyo cha inchi 4 inakupa kama tani 19 za Kimarekani, zile za pauni 2,000. Ya inchi 4 na nusu, karibu 24. Ya inchi 5, zaidi kidogo ya 29. Sasa ukikuta silinda ya inchi 4 imebandikwa "tani 27", ujue ili ifike huko shinikizo lingepaswa kupita pauni 4,200. Namba ya stika ni ya kuuzia. Kwa miti ya huku, kama mepo (maple) na mibetula (birch), tani 20 za kweli zinatosha kabisa. Mti unaosumbua ni ule wenye nyuzi zilizosukana, au penye fundo, na hapo hata nguvu nyingi huishia kuuchana kama nyama ngumu.

Nilichokitaka zaidi ya tani ni mashine inayosimama wima. Gogo la mwaloni bichi, nene kama pipa, sitalinyanyua mimi kulilaza juu ya boriti. Ikisimama wima unalibingirisha tu mpaka chini ya kabari. Ubaya wake ni kwamba unafanya kazi umeinama. Nikatafuta kigoda. Jirani alipita akanikuta nimekaa mbele ya mashine, magoti wazi, nachomeka gogo chini ya kabari kwa mkono huu na kuurudisha mkono kabla sijavuta wenzo, na nikacheka peke yangu kwa sababu ndivyo mama anavyokaa mbele ya mafiga.

Jambo moja lisikupite: awe mtu mmoja tu anayeweka gogo na kuvuta wenzo. Wakiwa wawili, mmoja anashika na mwingine anavuta, vidole huondoka. Mume wangu alinuna, sasa anapanga kuni na mtoto anasimama mbali.

Nami nilipata hasara yangu. Petroli ya huku kwa kawaida ina ethanoli asilimia 10, nami niliiacha kwenye tangi tangu Novemba mpaka Mei. Nilivuta kamba mpaka bega likauma. Fundi alipofungua kabureta, ndani mlikuwa na utomvu kama gundi. Siku hizi nikimaliza msimu naikausha petroli yote kwanza.

Sasa nirudi kwa mdogo wangu, maana swali lake halikuniacha.

Tanzania ina mkakati wa nishati safi ya kupikia, wa 2024 hadi 2034, unaotaka asilimia 80 ya Watanzania wawe wameacha kuni na mkaa. Siupingi. Nimeona macho ya bibi yangu yalivyokuwa mekundu miaka yote. Lakini lisome hilo jina vizuri: ya kupikia. Njombe mwezi wa Julai, asubuhi umande umeganda juu ya majani, hatuwashi moto ili tupike tu. Tunaota. Mama ana mtungi wa kilo 6, ameufunika kitambaa alichodarizi mwenyewe, na anachemshia chai ya wageni. Maharage yako kwenye kuni, na watu wote wameyazunguka, kwa sababu mtungi haupashi nyumba joto.

Huku baridi inahesabiwa kuwa hitaji, na kuni zinahesabiwa kuwa dawa yake. Ndiyo maana zimetengenezewa jiko lenye mlango na bomba, na tangu 2020 majiko mapya yamewekewa kikomo kikali zaidi cha moshi. Ndiyo maana kuna mashine. Kwetu kuni zilikuwa za wanawake na watoto, na hakuna aliyeona kwamba kazi ile inahitaji zaidi ya ngata na shingo. Unga ulipata mashine ya kusaga, na kijiji kizima kinapanga foleni. Tuna miwati, tuna mikaratusi, viwanda vya mbao vinatupa mabanzi. Kikundi cha akina mama kikiwa na mashine moja ya kupasulia na fundi wa kujenga bomba la moshi, jikoni patakuwa mahali pengine kabisa. Nilimweleza mdogo wangu hivyo, kwa hamasa.

"Na petroli yake utatuma wewe?"

Sikuwa na jibu, nikageuza simu kwenye video ili mama aione mashine ikifanya kazi. Nikaweka gogo la mepo, nikavuta wenzo. Kabari ikashuka polepole, gogo likafunguka vipande viwili bila kelele. Mdogo wangu akapiga kigelegele. Mama alikuwa ameegemeza sikio.

"Hilo bichi," akasema. "Halijalia. Litawatoa machozi."

Nikamwambia Mama, limekaa tangu mwaka jana. Akasema tu, "Haya." Tulipokata simu nilikwenda kuchukua kipima unyevu, maana kuni za kuchoma hazitakiwi kuzidi asilimia 20. Nikachoma sindano zake pale palipopasuka, katikati. Kikasoma 31.