Tony Bennett: aibu ya 2018 na kombe la 2019 zilitoka kwenye hesabu moja

Kuna simulizi moja kuhusu kocha Tony Bennett ambayo watu wa mpira wa kikapu wa vyuo vya Marekani hawachoki kuisimulia: Machi 2018 timu yake ya Chuo Kikuu cha Virginia ilifungwa na UMBC, chuo cha jimbo la Maryland, ikawa timu ya kwanza ya wanaume iliyopangwa namba 1 kwenye mashindano ya taifa (kila kundi hupangwa kwa ubora, 1 hadi 16) kutolewa na namba 16, Aprili 2019 ikatwaa ubingwa wa taifa. Kaanguka, kajifunza, kainuka. Inasimulika vizuri, lakini inaficha kazi yenyewe. Kwa maoni yangu Bennett hakubadili mfumo uliomletea aibu. Alibadili kitu kidogo tu upande wa mashambulizi, ulinzi akauacha kama ulivyo, na ubishi huo ndio unaomfanya awe kocha mkubwa.

Tuanze na ulinzi, maana bila kuuelewa huwezi kumjadili. Unaitwa Pack Line, na aliyeubuni ni baba yake, Dick Bennett, alipokuwa akifundisha Green Bay katika jimbo la Wisconsin. Tony mwenyewe alicheza hapo chini ya baba yake, akamaliza akiwa na asilimia 49.7 ya mitupo ya pointi tatu, rekodi ya NCAA, chama cha michezo ya vyuo vya Marekani. Huwa nacheka nikikumbuka hilo: mtupaji hodari kuliko wote amejenga jina kwa ulinzi unaomwambia mpinzani, "tupa kutoka mbali kama unaweza."

Chora kichwani mstari wa nusu duara ulio kama mita 5 kutoka kwenye ringi, mita moja na ushee ndani ya mstari wa pointi tatu wa vyuo wa wakati ule, uliokuwa mita 6.32. Mlinzi wa mwenye mpira anambana hasa, kifua kwa kifua, hata nje kabisa. Wengine wanne wanakaa ndani ya ule mstari wa kufikirika. Hawawanii pasi kwenye njia zake kama timu nyingi zinavyofanya. Kazi yao ni kujaza mapengo, ili anayedunda mpira kuelekea ringi akutane na mwili wa pili kabla hajafika chini ya kikapu. Mpira ukipasiwa karibu na kikapu kwa mrefu wa mpinzani, mrefu wa pili wa Virginia anakuja mbio kutoka upande wa mstari wa mwisho na wanambana wawili. Kwenye skrini, yaani mshambuliaji anaposimama njiani kumkinga mlinzi wa mwenzake, mrefu wa Virginia anaruka nje kumzuia mwenye mpira kwa hatua mbili tatu, kisha anarudi kwa mtu wake kwa kasi ileile aliyotokea.

Maneno hayo yanasemeka kwa dakika moja, ila kuyafundisha kunachukua msimu mzima. Pagumu zaidi ni kumwendea mtupaji. Mlinzi yuko ndani ya mstari, mpira umepigwa ng'ambo, mtu wake ameupokea akiwa huru. Lazima akimbie theluthi mbili za njia kwa nguvu zote, halafu avunje mwendo kwa hatua fupifupi, mikono juu, makalio chini, uzito nyuma. Akija kwa hatua ndefu mpaka mwisho, mshambuliaji anayumbisha mpira kidogo tu na kumpita, na hapo wote wanne wanalazimika kuhama, kona moja inabaki wazi. Akija polepole, anatupiwa usoni. Kosa la pili, lisiloonekana kwenye takwimu, ni la anayembana mwenye mpira kulegea. Mtu asiyebanwa huona uwanja mzima na hupiga pasi ya ng'ambo anapotaka, na hapo wale wanne waliojaa ndani wanageuka watazamaji. Ndiyo maana Virginia ilirudisha nyuma wachezaji watatu, wakati mwingine wanne, mara tu mtupo wake ulipoondoka mkononi. Rebaundi za mashambulizi waliziacha kwa makusudi: ulinzi huu haufanyi kazi kama hamjajipanga.

Kocha wa kwetu anayetaka kuuiga apime vipimo kwanza. Sheria za FIBA, shirikisho la kimataifa, zinampa mpinzani sekunde 24, si 30 za vyuo vya Marekani, kwa hiyo walinzi wako hawatateseka muda mrefu. Lakini mstari wa pointi tatu uko mita 6.75, na hizo sentimita 43 za ziada ndizo zitakazowamaliza vijana wako miguu. Vyuo vya Marekani navyo vilihamia umbali huohuo msimu wa 2019/20.

Safari ya Bennett kabla ya Virginia naipitia haraka. Misimu mitatu NBA na Charlotte Hornets, kisha New Zealand akicheza na kufundisha, kisha benchi la baba yake Wisconsin, iliyofika nne bora mwaka 2000. Mwaka 2006 akarithi timu ya Washington State kutoka kwa baba huyohuyo, akashinda mechi 26 msimu wa kwanza na 26 tena uliofuata, katika chuo ambacho hakuna aliyekihesabu. Alihamia Virginia mwaka 2009 na msimu wa kwanza ukawa wa hasara, ushindi 15 na vipigo 16. Kufikia 2014 alishawapa kombe la mashindano ya ACC, ukanda wa vyuo vya pwani ya Atlantiki, la kwanza tangu 1976. Huo ni ukanda wa Duke na North Carolina, wanaochagua vijana wanaowataka huku wengine wakiokota wanaobaki.

Sasa hesabu. Virginia ilicheza mashambulizi takriban 60 kwa mechi, wakati wastani wa vyuo ulikuwa karibu 70. Tuseme wewe ni bora kuliko mpinzani kwa pointi 0.2 kila shambulizi. Kwenye mashambulizi 70 unastahili kushinda kwa pointi 14; kwenye 60, kwa 12. Ubora wako hukua sambamba na idadi ya mashambulizi, lakini bahati hukua kwa kipeuo cha pili chake tu: kutoka 60 hadi 70 ubora unaongezeka kwa asilimia 17 hivi, bahati kwa 8. Timu bora inayocheza taratibu inampunguzia mnyonge safari ya kupanda. Bennett alilijua hilo na akakubali kulipa bei, kwa sababu kabla ya 2014 Virginia ndiyo ilikuwa mnyonge mbele ya wakubwa wa ACC, na mwendo wa taratibu ulimsaidia yeye.

Machi 16, 2018, mjini Charlotte, bei ikadaiwa. Virginia ilifika na ushindi 31 na vipigo 2. Timu za namba 1 zilikuwa zimekutana na za namba 16 mara 135 tangu 1985 na kushinda zote. Mapumziko 21-21. Mwisho 74-54, Jairus Lyles wa UMBC akiwa na 28. Tazama mitupo ya mbali: UMBC ilifunga 12 kati ya 24, pointi 36, Virginia 4 kati ya 22, pointi 12. Ondoa mitupo hiyo na Virginia inaongoza 42-38. Mechi yote iko hapo.

Lakini bahati pekee haitoshi kueleza kipigo cha pointi 20. De'Andre Hunter, mwenye urefu wa zaidi ya mita mbili na miguu ya mchezaji mdogo, alikuwa nje na kifundo cha mkono kilichovunjika. Yeye ndiye aliyeweza kubadilishana watu kwenye skrini bila kufungua pengo. Na pale Virginia ilipoachwa kwa pointi kumi na zaidi, ilionekana wazi kwamba haikuwa na namna ya kukimbiza. Mashambulizi yao yalikuwa yale ya kale ya Dick Bennett: warefu wawili wanaweka skrini, watupaji watatu wanazunguka wakisoma walinzi wao, na mtupo unakuja sekunde ya ishirini na kitu. Ukiwa nyuma kwa 14, kila mzunguko wa namna hiyo unakula saa yako mwenyewe. (Kocha wa UMBC usiku ule, Ryan Odom, ndiye anayeinoa Virginia tangu 2025. Dunia ndogo.)

Hapo ndipo Bennett alipogusa. Msimu wa 2018/19 aliongeza mpango wa skrini mfululizo kwa mwenye mpira, ili Ty Jerome na Kihei Clark waanzishe shambulizi mapema na kuamua wenyewe. Hunter alirudi mzima. Ulinzi? Uleule, kwa mita ileile. Mechi ya kwanza ya mashindano, dhidi ya Gardner-Webb, namba 16 mwingine, walikuwa nyuma kwa 14 kipindi cha kwanza na wakamaliza 71-56. Safari hii walikuwa na njia ya kukimbiza.

Nusura watolewe mara mbili zaidi. Dhidi ya Purdue, Carsen Edwards alitupa ya pointi tatu mara kumi zikaingia, jumla pointi 42. Udhaifu wa Pack Line haukujificha. Zikiwa zimebaki sekunde 5.9, Jerome alikosa mtupo huru, Mamadi Diakite, kijana kutoka Conakry, Guinea, akaugonga mpira kurudi nyuma ya nusu ya uwanja. Clark aliukimbilia, na badala ya kubahatisha kutoka mbali akamrudishia Diakite kwa pasi moja ndefu. Mtupo ukaondoka saa ikiisha, 70-70, na Virginia ikashinda 80-75 muda wa nyongeza. Dhidi ya Auburn, Kyle Guy alifunga mitupo mitatu huru ikiwa imebaki sekunde 0.6, 63-62, baada ya waamuzi kutoona kosa la Jerome la kudunda mara mbili, yaani kuushika mpira kisha kuudunda tena. Auburn wana haki ya kununa mpaka leo.

Fainali ya Minneapolis dhidi ya Texas Tech, timu nyingine ya ulinzi, ilitarajiwa kuwa ya pointi chache. Ikawa 85-77 baada ya muda wa nyongeza. Hunter alifunga 27, pamoja na ile ya kona iliyosawazisha 68-68, na Virginia ikaingiza mitupo huru yote 12 ya muda wa nyongeza. Miezi michache baadaye Bennett alikataa nyongeza ya mshahara, akatoa na mkewe dola 500,000 kwa programu ya kuwasaidia wachezaji kujenga maisha ya kazi. Sijaona wengi wakimuiga.

Baada ya kombe hakushinda tena hata mechi moja ya mashindano ya taifa: Ohio 2021, Furman 2023 kwa pointi moja, Colorado State 2024 kwa 67-42. Sababu kubwa naiona kwenye ruhusa ya wachezaji kuhama chuo kila mwaka na fedha wanazolipwa kwa matumizi ya jina na sura zao. Pack Line inahitaji kijana akae misimu mitatu mpaka zile hatua fupifupi ziwe mazoea. Ukimpata kwa miezi minane, unafundisha mwanzo kila Oktoba. Alipostaafu Oktoba 2024, akiwa na ushindi 364 na vipigo 136 Virginia, alisema waziwazi kwamba mazingira mapya hayamfai, na namsifu kwa ukweli huo.

Kwa muda aliochagua simsifu. Wiki tatu kabla ya msimu, vijana walioletwa kwa jina lake wanabaki na pa kwenda pachache, na Ron Sanchez anakabidhiwa timu ambayo hakuijenga yeye kama kocha mkuu. Ilimaliza na ushindi 15 na vipigo 17. Kama uchovu ulikuwepo, Aprili ilikuwepo pia, na wachezaji wangepata nafasi ya kuchagua kama yeye alivyochagua.