Usilinganishe Jani na Jani

Mwanafunzi akiambiwa alinganishe mkrismasi (Delonix regia) na kuvumwani (mmea mdogo wa kijani usio na maua) aina ya Funaria hygrometrica, hupiga mstari katikati ya karatasi: huu una mizizi, ile haina, huu una maua, ile haina. Yote kweli, ila ameweka kando kwa kando vitu visivyolingana.

Mti tunaouona, shina, majani na maua yake mekundu, ni sporofiti, yaani kizazi cha mmea kinachotoa spora (chembe za uzazi): seli zake zina seti mbili za kromosomu. Zulia la kijani la Funaria ni gametofiti, yaani kizazi kinachotoa gameti (seli za kiume na za kike zinazoungana), lenye seti moja. Gametofiti ya mkrismasi imejificha ndani ya ua: ni chembe ya chavua, na kifuko cha kiinitete chenye seli 7 tu ndani ya ovuli (sehemu ya ua inayokuja kuwa mbegu). Na kinacholingana na mti mzima ni kile kikonyo cha Funaria, chembamba kama uzi, urefu wa sentimita chache, chenye kapsuli ya spora kichwani. Hili ndilo ningelifundisha kwanza, kabla ya hiyo mizizi.

Ukishalielewa, udogo wa kuvumwani unaeleweka. Gameti dume zake huogelea, hivyo bila utando wa maji hakuna utungisho. Chavua ya mkrismasi huota mrija unaofikisha gameti mpaka kwenye ovuli.

Tazama kwa macho. Chukua Funaria yenye kapsuli za kahawia (za kijani hazijakomaa, hazitafunguka), iache ikauke, kisha pulizia pumzi kwenye vikonyo huku ukitazama kwa lenzi ya mkono. Vitajizungusha, kwa kuwa vinafuata unyevu wa hewa. Jani lake, ukiacha mshipa wa kati, lina unene wa seli moja; ndiyo maana hujikunja likikauka na kunyooka likilowa.

Mbegu ya mkrismasi ina ganda gumu lisilopitisha maji. Isugue kwa msasa upande usio na kitovu (alama ya pale mbegu ilipoungana na tunda) mpaka rangi ya ndani ionekane, kisha iloweke saa 24. Iliyovimba ipandwe; isiyovimba irudishwe kwenye msasa. Wengi huichemsha jikoni, wakaua kiinitete, halafu wakailaumu mbegu.

Na tafadhali, msibandue kuvumwani kwenye magome ya miti mkidhani inanyonya. Vijizizi vyake vinashikilia tu.