Likizo ya Siku Tisa, Majimbo Matatu: Kuwinda Pronghoni Ukiwa na Muda Mfupi

Mfanyakazi wa Marekani akichukua likizo ya wiki moja na kuiunganisha na wikiendi zake mbili, anapata siku tisa. Kwa mwindaji wa pronghoni, siku hizo tisa hubishaniwa kila mwaka: azimalize zote katika jimbo moja, au aondoke Denver apande kaskazini, awinde Colorado, Wyoming na Montana kwa mkupuo mmoja? Wanaosema majimbo matatu yanawezekana hawadanganyi, na wanaosema huko ni kujichosha bure nao hawajakosea. Ila naona pande zote mbili zinabishania barabara, wakati safari hii huamuliwa kwenye fomu za maombi ya leseni miezi kadhaa kabla gari halijawashwa.

Mnyama mwenyewe kwanza. Wamarekani humwita swala, lakini si wa ukoo wa swala wetu. Jamaa zake wa karibu walio hai ni twiga na okapi. Hukimbia karibu kilomita 88 kwa saa, na katika mabara ya Amerika hakuna mnyama wa nchi kavu anayemshinda mbio. Huishi kwenye tambarare wazi zenye vichaka vya kufika magotini, na macho yake hukuona kabla hujafungua mlango wa gari. Mwanzoni mwa karne ya 20 walikuwa wamebaki makumi machache ya maelfu. Leo wanahesabiwa kwa mamia ya maelfu, na karibu nusu yao wako Wyoming. Kupona huko kulilipiwa kwa sehemu kubwa na wawindaji wenyewe, kupitia ada za leseni na kodi ya silaha na risasi iliyotengewa wanyamapori na sheria ya shirikisho ya mwaka 1937. Nyama yake haiuzwi. Aliyempiga humpeleka jikoni kwake.

Msomaji anayeishi huko anapaswa kujua pia kwamba katika sheria za uwindaji mgeni ni mkazi wa jimbo jingine, si mtu wa nchi nyingine. Mkongomani aliyehamia Missoula au Boise na kutimiza masharti ya ukaazi hulipa ada ya mwenyeji, ilhali Mmarekani wa kuzaliwa anayetoka Texas hutozwa ada ya mgeni. Aliyeko kwa viza ya muda, kama mwanafunzi, awe mwangalifu zaidi: sheria ya shirikisho inamkataza kuwa na bunduki isipokuwa katika hali chache, mojawapo ikiwa ni kuwa na leseni halali ya uwindaji. Asikubali hata kushika bunduki ya rafiki kabla leseni yake haijatoka.

Sasa tuwasikilize wanaotaka majimbo mengi. Hoja yao nzito kuliko zote ni baridi. Majira ya baridi ya 2022 hadi 2023 yaliua pronghoni wengi mno Wyoming. Theluji iliganda juu ya malisho, na upande wa Pinedale ukaongezeka ugonjwa wa mapafu unaoletwa na bakteria aitwaye Mycoplasma bovis. Jimbo likapunguza leseni kwa maelfu. Aliyekuwa ameweka matumaini yake yote Wyoming, na kukusanya huko, mwaka baada ya mwaka, pointi zinazompa mwombaji kipaumbele cha leseni, alibaki kutazama likizo yake ikipita. Mwenzake aliyeomba pia Montana au Colorado alikuwa bado na pa kwenda.

Leseni nazo ni za kubahatisha. Wyoming huwapa kipaumbele wageni wenye pointi nyingi na kubakiza sehemu ndogo kwa bahati nasibu ya wote. Pia ina leseni ya bei ya kawaida na ile maalumu ambayo kuanzia 2024 ilipanda hadi dola 1,200, wakati ya kawaida ni dola 326. New Mexico haina pointi kabisa, lakini asilimia 84 ya leseni za bahati nasibu ni za wenyeji, asilimia 10 ni za wanaoajiri kampuni ya kuwaongoza, na asilimia 6 tu ndizo za mgeni anayejitegemea. Arizona hufunga maombi mapema, Februari. Kwa utaratibu kama huu, kuomba mahali pamoja na kungoja ni kuiweka likizo rehani.

Kalenda pia inawaunga mkono, angalau kwa watu wa upinde. Colorado, Wyoming na Montana hufungua msimu wa upinde karibu siku moja, katikati ya Agosti. Bunduki huja baadaye: maeneo ya Wyoming hutofautiana, mengine Septemba na mengi mwanzoni mwa Oktoba, Colorado mwanzoni mwa Oktoba, Montana Jumamosi ya pili ya Oktoba. Kwenye karatasi, basi, mtu anaweza kuanza kusini na kufuata ufunguzi hadi kaskazini.

Kwenye karatasi. Kutoka Denver hadi Billings, Montana, ni kama kilomita 890, saa nane au tisa za kuendesha, na hiyo ni barabara kuu tu. Eneo la kuwinda liko mbele zaidi, kwenye njia ya vumbi inayogeuka tope zito mvua ikinyesha. Ukifika unahitaji jioni moja ya kupeleleza kwa darubini, kujua kundi linalala wapi, linakunywa wapi, na uzio upi linaupita. Pronghoni ni mvivu wa kuruka uzio. Hupita chini ya seng'enge ya mwisho akiwa ameinama, mahali pale pale kila siku, na ukikagua waya utakuta nywele zake nyeupe na za kahawia zimenasa na ardhi chini yake imechimbika. Anayepata alama ile amepata pa kuvizia. Anayebadilisha jimbo kila siku ya tatu anaiacha alama hiyo nyuma ndipo tu alipoanza kuielewa. Kwa hesabu yangu, kila mpaka unaovuka kwa ajili ya kuwinda unakula siku moja hadi moja na nusu. Mipaka miwili inaweza kumeza hadi theluthi ya safari.

Halafu kuna sheria. Nguo ya rangi ya chungwa kali wakati wa msimu wa bunduki ni mfano mdogo: Wyoming inaridhika na vazi moja la nje, hata kofia, Montana inataka inchi za mraba 400 juu ya kiuno, Colorado inataka 500, pamoja na kitu cha kichwani. Cheti cha mafunzo ya uwindaji Colorado kinamhusu aliyezaliwa kuanzia 1949, Wyoming kuanzia 1966, Montana baada ya mwanzo wa 1985. Haya mtu anaweza kuyaandika kwenye daftari akayamaliza.

Lisilomalizika kwa daftari ni ardhi. Sehemu kubwa ya kusini mwa Wyoming imegawanywa kama ubao wa drafti, maili moja ya umma, maili moja ya mtu binafsi, urithi wa ardhi zilizogawiwa kampuni za reli karne ya 19. Viwanja vya umma hukutana kwenye pembe tu. Mwaka 2021 wawindaji wanne kutoka Missouri walipita kwenye pembe hizo karibu na Elk Mountain bila kukanyaga ardhi ya mwenye ranchi. Wakashtakiwa, na kesi ikapanda hadi mahakama ya rufaa ya shirikisho, ambayo Machi 2025 iliwapa haki. Oktoba mwaka huo Mahakama ya Juu ya nchi ilikataa kuisikiliza rufaa ya mwenye ranchi. Lakini mahakama hiyo ya rufaa ina mamlaka juu ya Wyoming, Colorado na majimbo mengine kadhaa, Montana haimo. Hatua ile ile uliyoipiga Jumatatu kwa ulinzi wa hukumu, Alhamisi, ukiwa umeshavuka mpaka, haina ulinzi huo.

Jambo hili la ardhi ndilo linalowapotosha wengi wanaopanga safari ndefu. Leseni inayopatikana kwa urahisi mara nyingi ni ya mahali ambapo karibu kila ekari ina mwenyewe. Tambarare za mashariki mwa Colorado ziko hivyo, na baadhi ya maeneo ya mashariki mwa Wyoming vilevile. Mtu anahesabu leseni tatu na kudhani ana safari tatu, kumbe ana leseni moja yenye ardhi na mbili zisizo na mlango. Zipo njia: Wyoming ina mpango wa Access Yes unaowalipa wenye ranchi wafungue ardhi zao, na Montana ina Block Management. Kuzifuatilia, kupiga simu na kuomba ruhusa ni kazi ya majuma, na kila jimbo lina ramani na masharti yake.

Tukija kwenye nyama, hapa sina huruma na mpango wa majimbo matatu. Manyoya ya pronghoni yana uwazi ndani, yametengenezwa kuhifadhi joto katikati ya dhoruba. Mnyama akianguka Agosti, jua likiwa la nyuzi 30, koti hilo linageuka kuwa adui wa nyama. Matumbo yatoke mara moja, ngozi ivuliwe pale pale kivulini mwa gari, minofu ipoe kisha iingie kwenye deli lenye barafu, na maji ya barafu iliyoyeyuka yamwagwe kila siku. Wapo wanaosema nyama hii inanuka. Mara nyingi wamekula mnyama aliyekimbizwa muda mrefu kabla ya kufa, au aliyezungushwa na ngozi yake mchana kutwa nyuma ya gari huku mwindaji akiwahi jimbo linalofuata. Na njiani usikate ovyo: majimbo haya yanataka nyama inaposafirishwa iwe na ushahidi wa jinsia ya mnyama, na kuponi ya leseni iwe imejazwa.

Haraka pia inabadili mkono wa mpigaji. Mwenye siku sita mbele yake akiona dume mbali mno, upepo unavuma kwa ubavu, humwacha; atatambaa tena kesho. Anayejua kwamba saa nane mchana lazima awe barabarani hushawishika kujaribu. Risasi hiyo ya kujaribu ndiyo humvunja mnyama mguu na kumwacha akimbilie ardhi ya jirani ambako huna ruhusa ya kumfuata. Mnyama aliyejeruhiwa akapotea ni hasara ambayo hakuna idadi ya leseni inayoifidia.

Kwa hiyo msimamo wangu ni huu: majimbo mengi yawe kwenye maombi, uwindaji uwe mahali pamoja, au pawili panapopakana. Omba Colorado mwanzoni mwa Aprili, omba Wyoming na Montana kabla mlango haujafungwa mwanzoni mwa Juni, kusanya pointi panapokusanywa. Majibu hayaji pamoja. Ya Wyoming hutoka Juni, ya bunduki ya Montana huchelewa zaidi, majira ya joto yakiwa yamekolea. Ndiyo maana likizo iombwe kwa kufuata jimbo unaloliona lina uwezekano mkubwa, na msimamizi wako aambiwe mapema kwamba kuna wiki ya akiba.

Ukipata leseni mbili, moja iwe ndiyo safari na nyingine iwe nyongeza. Nyongeza bora, nadhani, ni leseni ya jike katika jimbo lile lile, pale inapotolewa: ada yake ni ndogo, nyama ni nzuri, na huhitaji kujifunza upya sheria wala ramani. Ukiwa na leseni ya jimbo la pili, weka siku ya uamuzi. Siku ya tano jioni, kama kazi ya kwanza imekamilika na nyama imeshapoa au iko bucha, vuka mpaka. Kama haijakamilika, baki hapo ulipo.

Watu wa upinde wa Agosti nawaweka kando kidogo. Wao hukaa kwenye kibanda kando ya lambo la kunyweshea ng'ombe wakingoja mnyama aje kunywa, na mbinu hiyo inategemea ukame. Mvua kubwa ikinyesha usiku mmoja, kila bonde linakuwa na kidimbwi na lambo linasahaulika kwa siku kadhaa. Hapo leseni ya jimbo la pili, kilomita mia mbili mbele ambako mvua haikufika, ina faida ya kweli, na kuendesha kutwa nzima kunastahili. Ila angalia utabiri wa hali ya hewa wa sehemu zote mbili kabla ya kung'oa kibanda.